Chenso ya mtumba inakata vizuri dakika chache halafu inaishiwa nguvu ndani ya gogo, mafundi wa Mafinga, Makambako na Njombe naombeni msaada

#1 Mbao2x4 (Mafinga)

Kamwene wakuu. Naingia moja kwa moja kwenye shida maana nina vijana wanne porini wananisubiri na mashine haieleweki.

Mwezi uliopita nilinunua chenso (msumeno wa injini) kwa mtu mkononi. Jamaa alikuwa anaitumia huko pwani, akapanda nayo huku kwa kazi ya nguzo, kazi ikaisha akataka kurudi kwao akaiuza. Ni cc 72, ba (lile bamba refu linalobeba cheni) ya inchi 25, cheni ya 3/8. Nimeitolea laki saba na nusu. Kwa macho ni mashine iliyotunzwa, plastiki hazijapasuka, ikiwa ya baridi inawaka mvuto wa tatu.

Shida iko kwenye kukata. Ukiipiga resi ikiwa hewani inalia, sioni kasoro. Ukiingiza kwenye msindano (paina) wa unene wa futi moja na nusu inaanza kwa nguvu, ikifika katikati sauti inazama, cheni inapunguza mwendo mpaka inakaribia kusimama, nikiiinua inakaa kidogo inarudi. Inaenda hivyo hivyo ikichoka zaidi na zaidi, mwisho inazima yenyewe na kuiwasha hapo ni kuchubuka mikono. Nikiiacha nikanywa chai, nikirudi inawaka kama hakuna kilichotokea. Kitu kingine nimekiona, kila nikishajaza mafuta inaanza upya vizuri dakika kama tano au saba hivi halafu inarudia tabia yake.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini akasema karbureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, imekufa, nikanunua mpya elfu hamsini na tano, akafunga, siku ile ikaenda nusu saa fresh, kesho yake yale yale. Nimerudi kaniambia sasa ni pistoni, nilete laki mbili na nusu afungue. Hapo nikasita. Hii mashine nimeinunua kwa hela ya mahindi ya mwaka mzima, nikikosea tena sina pa kurudi. Mwenye kuijua naomba aniambie nianzie wapi.

#2 FundiMakambako

Kamwene mkuu. Usifungue pistoni bado, na usitoe hata mia kabla hujajibu haya maswali.

Mafuta unachanganyaje, kwa oili gani na unapimia nini? Ukikata, kinachotoka kwenye cheni ni vipande vipande au ni unga? Ea klina, yaani chujio la hewa, umeifungua lini? Ekzosi imeshawahi kufunguliwa tangu uinunue? Na ile siku inazima yenyewe, umeshajaribu kulegeza kifuniko cha tenki?

Alafu fanya hiki kitu kabla ya kulala leo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, swichi kwenye kuzima, shika kile kishikio cha kamba ya kuvutia, inua mashine yote ining'inie kwa hiyo kamba. Kama inateremka taratibu inashika, inaachia, inashika, inaachia, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipo. Ikishuka puu kama ndoo ya kisimani ndio tuanze kuongea habari za pistoni. Sio kipimo cha maabara ila kimeniokolea watu wengi hela zao.

#3 Uyole_Boy

Ugonile wakuu. Mkuu usisumbuke, ukiangalia ubavuni kwenye karbureta kuna skrubu mbili tatu, ile imeandikwa H kaza robo mzunguko, utaona mashine inavyolia kwa hasira. Yangu ilikuwa hivyo hivyo nikakaza, nguvu zikarudi siku ile ile.

#4 FundiMakambako

Uyole_Boy mdogo wangu naomba hapo tusikilizane vizuri, na mleta uzi usiiguse hiyo skrubu.

Chenso haina sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kama gari. Oili inayolainisha pistoni na bearing za ndani inaingia ikiwa imechanganywa kwenye petroli, kwaiyo ukikaza H unapunguza petroli na oili kwa pamoja. Injini inapanda mizunguko, inalia kwa ukali, wewe unadhani imepata nguvu kumbe joto linapanda na vilainishi vinapungua. Pistoni ya aluminiamu inatanuka, inaanza kukwaruza silinda upande wa ekzosi, ringi inanata kwenye mfereji wake, siku hiyo hapo ndo laki mbili na nusu inatoka kweli. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimekula pistoni hadithi inaanza hivi hivi, nguvu zilipungua nikakaza skrubu.

Mashine iliyopungua nguvu kwa sababu ya uchafu haiponi kwa skrubu. Toa uchafu kwanza. Skrubu ni ya mwisho kabisa, wakati kila kitu kingine kiko sawa.

#5 Mbao2x4

Shukrani fundi. Nimeining'iniza, inateremka kwa kushika na kuachia, inachukua muda mpaka kufika chini. Nikaona haitoshi nikampelekea jamaa wa magari mwenye kipimo cha kompresheni, tukavuta kamba mara sita resi ikiwa wazi kabisa, ikasoma 145 psi.

Mafuta nachanganya kwa oili ya SAE 40 ya gari, tunakadiria kwa macho kwenye dumu la lita tano, aliyeniuzia naye alisema alikuwa anafanya hivyo. Kinachotoka ni unga, tena wa moto. Ea klina nilipuliza kwa mdomo. Ekzosi sijawahi kufungua. Kifuniko cha tenki nilishafungua ikiwa imezima, sikuona tofauti.

#6 MzeeWaMisindano (Mufindi)

Vijana hamjambo. Nimekata misindano ya shamba la miti la Sao Hill tangu enzi za misumeno ya watu wawili, hizi mashine zimenikuta nikiwa mtu mzima. Mwanangu Mbao2x4, umesema unga. Basi kabla ya mambo ya injini tuzungumze cheni.

Cheni kali inatoa vipande kama vya kucha na inajivuta yenyewe kuingia kwenye gogo, wewe unaiongoza tu. Cheni butu inatoa unga na mtu anaanza kuisukuma kwa kifua, hapo injini inabeba mzigo wa gogo na mzigo wa kifua chako. Msindano una utomvu, utomvu unashika vumbi unakuwa kama gundi kwenye mfereji wa ba, tundu la oili linaziba, cheni inakauka, ba inakuwa bluu kwa joto. Mtu anasema injini imechoka kumbe anaburuza cheni kavu.

Kwa cheni ya 3/8 chukua tupa ya duara ya milimita 5.2, sio ile nene ya mapanga. Pembe nyuzi 30, alama ipo juu ya jino lenyewe wametuwekea, ifuate. Sukuma mbele tu, usirudishe tupa ikiwa imegusa jino. Jino la kwanza ukipiga mara tatu, yote piga mara tatu. Ukipiga upande wa kulia zaidi kwa sababu mkono wako unapenda upande huo, mashine itakata kwa kupinda na itabana, hiyo nayo ni nguvu inapotea. Vile vijino vifupi vya mbele ya kila jino navyo vishushwe, viwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Usivishushe sana, cheni itakuwa inang'ata kuliko injini inavyoweza na itakurukia.

Baada ya hapo toa ba, kwangua mfereji wote, toboa tundu la oili kwa waya, igeuze ya juu iwe chini ili ilike sawasawa. Kigurudumu cha pua ya ba zungusha kwa kidole kama kinazunguka. Ukishafunga, vaa glavu, mashine imezimwa na breki imeachiwa, vuta cheni kwa mkono. Kama haisogei kirahisi umekaza mno au breki inasugua klachi.

#7 DadaSpea (Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamoo mzee. Kaka Mbao2x4 pole, mi nauza spea hizi na naumia nikisikia mtu kanunua karbureta ambayo hakuihitaji. Ile ya zamani bado unayo? Usiitupe tafadhali. Karbureta ya asili iliyochafuka ukiiosha na kubadilisha vile vingozi vyembamba vya ndani inarudi kazini, na mara nyingi inakuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi ambayo hata tundu zake hazijalingana na mashine yako.

Kuhusu oili naomba nisikike. Oili ya SAE 40 imetengenezwa ikae kwenye sampu, haikutengenezwa iungue. Ikiungua inaacha masizi magumu kwenye plagi, kwenye tundu la ekzosi na kwenye ringi. Nunua oili ya 2T, yaani ya injini zinazochanganyiwa oili na petroli, ile ya mashine zinazopozwa kwa hewa, na soma mgongoni mwa chupa. Oili nzuri za chenso zimeandikwa 50 kwa 1, maana yake mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Ikiwa oili ni ya kawaida huna uhakika nayo, wenye mashine wengi wanashauri 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita.

Wateja wangu nawaambia waende duka la mifugo wanunue bomba la sindano la ng'ombe la mililita 20. Lita moja bomba moja, dumu la lita tano mabomba matano. Halikosei na halitegemei macho ya mtu aliyeamka saa kumi usiku. Na oili nyingi kupita kiasi sio usalama kama watu wanavyodhani, mbali na masizi, oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti (katundu ka kupitishia mafuta) kwaiyo mchanganyiko wa kuungua unapungua petroli.

#8 Mbao2x4

Nimerudi wakuu. Jana nimekaa nayo kutwa nzima.

Mzee asante sana. Nimenoa kwa tupa ya 5.2 uliyosema, meno yalikuwa yamenolewa pembe tofauti kila upande, mfereji wa ba ulikuwa umejaa kitu kama lami, tundu la oili halikuwa linapitisha chochote. Ea klina nimeiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni nikaianika, kumbe kupuliza kwa mdomo kulikuwa kunasukuma vumbi ndani zaidi. Karbureta ya zamani tumeifungua na kijana wangu, kale kachujio kadogo ka ndani kalikuwa na uchafu kidogo tu, tumeosha na kuirudisha, ile mpya nimeiweka kabatini. Plagi ilikuwa nyeusi ti na majimaji, nimeweka mpya, gepu milimita 0.5.

Porini leo vipande vinatoka, mashine inajivuta yenyewe, nimefurahi mpaka vijana wakanishangaa. Lakini bado sio mzima. Inakata bila ule ukali, kama mtu anayekimbia amezibwa pua. Na baada ya dakika saba nane ile tabia ikarudi, ikazama ikazima.

#9 FundiMakambako

Umeenda vizuri sana. "Kama mtu aliyezibwa pua" ndo maneno niliyokuwa nayasubiri. Mashine haiwezi kuvuta hewa mpya kama ya zamani haina pa kutokea. Fungua ekzosi.

Iache ipoe kabisa kwanza, ekzosi ya chenso inaunguza ngozi kwa kugusa tu. Ukishaitoa angalia mambo mawili. La kwanza kale kawavu kadogo kanakozuia cheche. La pili, chungulia tundu la ekzosi kwenye silinda kwa tochi, vuta kamba taratibu pistoni ipite mbele ya tundu. Ukiona pistoni ina mistari ya kukwaruzika iliyosimama wima kama imepigwa kucha, niambie. Ikiwa laini na ringi inang'aa, yule aliyetaka kufungua mashine alikuwa anabahatisha kwa hela yako.

Masizi yaliyo mdomoni mwa tundu usiyakwangue kwa bisibisi. Zungusha mpaka pistoni izibe tundu lote, ndo utumie kijiti cha mti mgumu, mianzi ni mizuri, ili masizi yasidondoke ndani.

#10 Mbao2x4

Wakuu nimefungua na sina maneno. Ule wavu ulikuwa umeziba karibu wote, nimeuweka juani kuangalia mwanga unapita kwenye tundu chache tu pembeni. Mdomo wa silinda masizi yalikuwa yamejaa mpaka tundu limebaki kama nusu. Na pistoni ni safi, upande wa ekzosi haina mkwaruzo hata mmoja. Hapo nimekaa chini nikamshukuru Mungu maana nilikuwa nimeshaanza kuulizia mtu wa kunikopesha hiyo laki mbili na nusu.

Swali, huu wavu niutupe tu?

#11 Uyole_Boy

Utupe mkuu, mi zangu zote nimetoa, mashine inapumua.

#12 MzeeWaMisindano

Mwanangu wa Uyole hapana. Huko kwenye kahawa na migomba labda, huku kwetu chini ya misindano kuna godoro la majani makavu. Mwezi wa tisa na wa kumi upepo unavuma, cheche moja ya masizi inatosha. Nimeshiriki kuzima moto wa msitu usiku kucha kwa matawi mabichi, nimeona watu wanalia shamba la miaka 15 likiisha kwa mchana mmoja. Wavu urudi mahali pake.

Uchome. Ushike kwa koleo juu ya moto wa gesi au mkaa mpaka uwe mwekundu, masizi yanageuka majivu, uache upoe, gonga, piga brashi ya waya. Dakika kumi umemaliza.

#13 Mlingoti_Mrefu (Njombe)

Naunga mkono mzee. Na ukiangalia chanzo ni ile oili ya SAE 40, ukiosha wavu bila kubadilisha oili baada ya wiki chache unaziba tena. Huku Uwemba tulikuwa na mashine mbili zinasumbua hivi hivi, tulipohamia 2T ya kupima kwa sindano hatujafungua ekzosi msimu mzima.

#14 Mbao2x4

Nimechoma wavu, nimesafisha tundu kwa kijiti cha mwanzi, nimefunga. Dumu la zamani nimelimwaga lote kwenye la kuwashia moto wa tofali, nimechanganya upya, sindano tano kwa lita tano.

Mashine imebadilika sauti. Sasa inalia kavu, inafukuza, gogo la futi mbili inapita bila kusita. Nguvu ipo. Ila dakika ya nane ikazama. Nikapumzika, ikawaka. Nikajaza mafuta, ikaenda tena dakika saba, ikazama tena. Fundi hii ngoma ya pili ni ipi?

#15 FundiMakambako

Nilikuuliza kifuniko cha tenki ukasema hukuona tofauti. Ulikifungua muda gani, pale pale inapozama au ulishakunywa chai?

#16 Mbao2x4

Nilishakunywa chai, ndio. Kama robo saa hivi baada ya kuzima.

#17 FundiMakambako

Basi hukupima. Nielewe hapa, ni kitu kidogo ila kinasumbua watu kuliko karbureta.

Mafuta yanapotoka kwenye tenki lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Hewa inaingia kupitia kipumulio, ni kidude kidogo kinaruhusu hewa kuingia na kinazuia petroli isitoke. Kikiziba, karbureta inavuta petroli na tenki linavuta kurudisha, kama mtoto anayenyonya chupa ya soda bila kuachia mdomo. Dakika za kwanza inaenda, ombwe likikua mafuta hayafiki ya kutosha, kwenye silensa (ikiwaka bila resi) bado inadunda maana inahitaji mafuta kidogo, ukiipa mzigo inakosa. Ikizima ukasubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, inapona. Ukijaza mafuta umefungua kifuniko, inapona. Vyote hivyo umeviandika mwenyewe kwenye posti yako ya kwanza.

Kesho ikianza kuzama tu, zima, weka chini mahali peupe, mbali na sigara na moto wa chai, geuza uso pembeni halafu legeza kifuniko polepole. Polepole nasema, kuna tenki nyingine zinakuwa na presha ya kutoa nje na petroli ya moto inaweza kukurukia. Sikiliza. Ikivuta hewa kwa ndani, fyuuu, halafu ukafunga ikawaka na kukata vizuri pale pale bila kupoa, umeshampata mchawi.

Kama hakuna fyuuu na haijapona, usinunue chochote. Toa plagi hapo hapo ikiwa ya moto, ichomeke kwenye kifuniko chake, igusishe kwenye silinda mbali na tundu la plagi na mbali na tenki, vuta kamba uone cheche. Koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi, ikichoka inatoa cheche ikiwa ya baridi na kugoma ikipata moto, na ukiipima baada ya chai inakudanganya vile vile.

#18 Uyole_Boy

Kama ni kipumulio si unatoboa katundu kwenye kifuniko kwa sindano ya moto?

#19 DadaSpea

Kaka usifanye hivyo kabisa. Chenso inalazwa ubavu, inageuzwa juu chini, petroli itavuja kwenye hako katundu ikidondokea ekzosi iliyo moto na mtu ameishika mkononi. Kipumulio ni moja ya spea za bei ndogo kabisa dukani kwangu, hakuna haja ya mtu kuungua kwa ajili yake.

#20 Mbao2x4

FYUUU.

Imelia mpaka kijana wangu aliyesimama pembeni kaisikia. Nikafunga, mvuto mmoja, ikarudi kwenye gogo na nguvu zote, bila kusubiri, bila chai. Nimerudia mara tatu ili niwe na uhakika, mara zote tatu vile vile.

Nimefuata mpira wa hewa kutoka kwenye tenki nikakikuta hicho kidude, kimevaa vumbi lililoganda na oili kama kimepakwa udongo. Nimekitoa, nimekiosha kwa petroli, nikapima kwa lile bomba la sindano la ng'ombe (halafu nikaliosha), hewa inapita kuingia, kwa kugeuza inazuia. Wakati tenki liko tupu nimevua na filta ya mafuta kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja ndoano, ilikuwa kahawia na ngumu, nimeweka mpya. Mpira wa mafuta nimeukunja kunja kuangalia nyufa, ni mzima.

Leo nimemaliza tanki nne mfululizo. Nne! Haijazama hata mara moja. Jumla niliyotumia baada ya kuja hapa ni plagi, tupa, filta, oili na sindano, haifiki elfu arobaini. Fundi, mzee, dada, Mlingoti, sijui niwashukuru vipi, nyie hamnijui na mmekaa na mimi wiki nzima.

#21 FundiMakambako

Nimefurahi sana mkuu. Bado kipumulio kipya nunua ukipita Mwanjelwa, kilichooshwa kinaziba tena mapema.

Sasa ndo wakati wa ile skrubu, kwa sababu mashine yako imetoka pwani. Hewa ya Mafinga sio ya Dar, Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na Njombe ni kama 2,000. Injini isiyosukumiwa hewa inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hiyo ni haki yake na hakuna fundi wa kuirudisha, usimlaumu mtu. Ila mashine iliyosetiwa pwani ikija huku inapata petroli ileile na hewa pungufu, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi, na hilo nalo lilichangia masizi yako.

Iwashe ipate moto, ea klina ikiwa safi. Andika kwanza skrubu iko wapi, ikaze taratibu mpaka iguse chini bila kulazimisha huku unahesabu mizunguko, halafu irudishe ilipokuwa, ukipotea una pa kurudi. Modeli nyingi zinaanzia karibu mzunguko mmoja ila kitabu cha mashine yako ndo kiseme. Kisha kaza sehemu ndogo sana, kama moja ya nane, na sikiliza. Resi yote hewani inatakiwa igugumie kidogo, brrr-brrr, na ukiingiza kwenye gogo kugugumia kuishe ilie laini. Ikilia laini kali hewani, umezidisha, rudisha. Na resi ya hewani isizidi sekunde mbili tatu.

#22 Mbao2x4

Nimekaza moja ya nane tu kama ulivyosema, inagugumia hewani na inanyooka kwenye gogo. Plagi baada ya tanki mbili imekuwa rangi ya kahawia ya chai ya maziwa.

#23 Mlingoti_Mrefu

Fundi nami nidandie hapo hapo. Mimi yangu nimesetia Njombe miaka yote, Jumanne napanda treni ya TAZARA hapo kwenu Makambako nashuka Mlimba, kuna kazi ya kupunguzia mitiki kwa wiki tatu. Niende nayo ilivyo?

#24 FundiMakambako

Usiende nayo ilivyo. Kule chini hewa ni nzito na joto ni kali, seti ya Njombe ikifika Mlimba petroli inakuwa pungufu na mashine italia kwa ukali unaopendeza, siku ya pili inakula pistoni. Kabla hujaanza kazi legeza H moja ya nane, sikiliza kugugumia, kama hakupo legeza tena kidogo mpaka kuwepo. Ukirudi Njombe ndo uikaze ilipokuwa, kwaiyo weka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu kabla ya kuondoka. Ukifika stesheni mapema pita gereji tuisikilize pamoja.